Hedifoni za Dada

Kwenye kile kituo kidogo cha redio walimwita Fundi Lebo, naye hakuchukia. Kila waya aliouvuta aliubandika kikaratasi ncha zote mbili, akaandika kwa mwandiko uliotulia: maiki ya kwanza, simu za wasikilizaji, kwenda mnarani. Wenzake walimtania kwamba ipo siku atambandika lebo mkewe, naye akawajibu kwamba mkewe ndiye aliyeanza kumbandika yeye. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, kitambi ndiyo kwanza kinaanza, na kasoro moja ya mafundi wengi wazuri: kazi aliyoifanya kwa moyo hakuamini kwamba inaweza kumgeuka.

Kituo kilipoamua kuachana na mikseri ya zamani ya kuchanganyia sauti, iliyokuwa ikikoroma chinichini mwaka hadi mwaka, na kufunga mitambo ya kidijitali, kazi alipewa yeye. Siku nane alitambaa chini ya meza na juu ya dari. Aling'oa mafungu ya nyaya nene akaweka moja tu, nyembamba, inayobeba sauti zote kwa pamoja kutoka studio hadi chumba cha mitambo mwisho wa korido. Alipowasha, mkoromo haukuwepo. Mkuu wa kituo alimpa mkono mbele ya watu na, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo.

Lakini kuna kitu alikuwa amekifanya kimyakimya, kwa ajili ya dada yake. Huyo dada ndiye aliyesoma taarifa ya habari ya asubuhi hapo kituoni, kwa miaka thelathini. Alimzidi mdogo wake miaka kumi na mmoja. Mama yao alikuwa akishinda kazini, kwa hiyo dada ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemchapa kwa kosa la kufungua pasi ya umeme aone ndani kuna nini, na ndiye aliyemtafutia kibarua cha kwanza hapo redioni. Deni la namna hiyo halilipiki, na Fundi Lebo alilijua hilo vizuri kabisa.

Sasa, kati ya mitambo mipya kulikuwa na sanduku la kusafisha sauti kabla haijaenda hewani. Linaiondolea mikwaruzo, linaipa uzito, inatoka tamu. Kwa kawaida mtangazaji haisikii sauti hiyo. Hedifoni zake humpa ile mbichi, kama ilivyotoka kinywani. Fundi Lebo aliona huo ni uchoyo. Akaziunganisha hedifoni za dada yake zipokee sauti iliyokwisha kupita kwenye sanduku, ili baada ya miaka yote hiyo naye ajisikie jinsi watu wanavyomsikia majumbani. Hakumwambia. Alitaka agundue mwenyewe.

Wiki ya kwanza dada alijikwaa mara mbili tatu, watu wakasema ni ugeni wa vifaa. Wiki ya pili akawa anarudia silabi, anavuta maneno, anasimama katikati ya jina la waziri kama aliyesahau alikokuwa akienda. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama anaumwa. Mmoja asiye na haya akauliza kama amelewa. Mkuu wa kituo, ambaye ni muungwana, alimwita ofisini akamshauri apumzike. Ukishaambiwa neno hilo na umri wako ni miaka sitini, huhitaji ufafanuzi.

Fundi Lebo alikagua kila kitu. Alisikiliza matangazo akiwa nyumbani, sauti ikawa safi. Alipima waya mmoja mmoja, lebo kwa lebo, zote safi. Likabaki jambo ambalo hakutaka hata kuliwaza. Mama yao alianza hivyohivyo, katika umri huohuo. Kwanza yalimpotea majina ya vyombo vya jikoni, kisha ya majirani, na mwishowe alikuwa akimtazama binti yake kwa adabu nyingi na kumuuliza ametokea wapi. Wawili hawa walimuuguza miaka sita. Baada ya mazishi hawakuutaja tena ugonjwa ule, si kwa siri wala kwa mafumbo.

Jumamosi ya wiki ya tatu, mchana, dada alimwita nyumbani kwake. Alimkuta jikoni amekaa, kitunguu kimekatwa nusu, na kando ya ubao pana bahasha. Dada alimweleza taratibu kwamba ni barua ya kuacha kazi. Ataipeleka Jumatatu, na alitaka mdogo wake awe wa kwanza kujua.

Fundi alimuuliza kama amekwenda hospitali.

"Kufanya nini?" dada alisema. "Yote niliyaona kwa mama. Sina haja ya kusomewa ninachokijua."

Aliendelea kuzungumza, akaeleza habari za mafao, za yule binti atakayerithi kiti chake, za paa linalovuja upande wa bafuni. Na hapo ndipo fundi aliposhtuka. Dada yake alikuwa ameongea robo saa nzima bila kujikwaa hata mara moja. Akachukua pakiti ya unga rafuni akamwomba asome maandishi ya nyuma. Dada alimtazama kama amerukwa na akili, lakini akasoma, mpaka anwani ya kiwanda, maneno yakateremka yenyewe.

"Twende kituoni," fundi alisema.

"Leo?"

"Sasa hivi, dada. Acha kitunguu."

Studio ya habari ilikuwa tupu. Dada alikataa katakata kukaa. Alisema kile kiti ameshakikinai. Basi fundi akakaa mwenyewe, akavaa hedifoni za dada, akafungua maiki bila kwenda hewani na kuokota taarifa ya asubuhi iliyobaki mezani. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili, alisikia sauti yake ikimfuata nyuma, imechelewa kidogo tu, na ulimi ukamganda kwenye neno serikali. Akavua hedifoni, akasoma, maneno yakatiririka. Akazivaa tena, akaganda tena.

Lile sanduku lilihitaji muda wa kusafisha. Ukijumlisha na safari ya kwenda mwisho wa korido na kurudi, sauti ilichelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Aliyeko nyumbani hawezi kulijua hilo. Lakini mtu anayesema huku akijisikia kwa kuchelewa, ulimi wake hukaa kulisubiri sikio, na hapo ndipo maneno yanapovurugika. Fundi yeyote anafundishwa hivyo mwaka wa kwanza. Naye alifundishwa, kisha akasahau kwa sababu alikuwa na haraka ya kutoa zawadi.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Dada," fundi alisema, "si ugonjwa wa mama. Ni mimi."

Ilibidi aeleze mara mbili, na mara ya pili akaeleza mpaka sababu ya kufanya vile, jambo lililokuwa gumu kuliko la kwanza. Kisha akabadilisha muunganisho, kazi ya kugusa kioo cha mtambo mara mbili, akampisha kwenye kiti. Dada akavaa hedifoni. Akasoma taarifa nzima, mawaziri watatu na mji mmoja wa ng'ambo wenye jina la kuvunja meno, bila kutetereka. Alipomaliza aliziweka hedifoni mezani, akafunika uso, akalia.

Fundi alisimama nyuma yake hajui aweke wapi mikono. Aliomba radhi. Alisema Jumatatu atamwambia mkuu wa kituo mbele ya wafanyakazi wote kwamba kosa lilikuwa lake. Dada, kutoka ndani ya viganja, akasema bila shaka atamwambia, na yeye atakaa mstari wa mbele asikilize.

Baadaye, alipokwisha kujifuta, alisema, "Wiki tatu hizi, kila nikiamka, kabla sijafungua macho, nawataja wote niliowalea. Jina moja moja. Nione kama bado wamo."

Fundi akamuuliza alikuwa akianza na yupi, mwanawe wa kiume au yule wa kike.

"Nianze nao kwa nini?" dada alisema. "Naanza na wewe. Wale walikuja baadaye."