Alidhani Michoro Imefifia, Kumbe Ni Macho Yake

Ni asubuhi, na simu za ofisini bado hazijaanza kulia. Mama Lebo anavuta kiti karibu na meza, anafuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa laini, kisha anafungua picha ya kwanza ya siku.

Ni mchoro wa wanawake waliojibanza chini ya kibanda wakisubiri mvua ikatike. Mmoja anakamua upindo wa gauni lake. Mwingine ana kuku kwapani. Nyuma kabisa, pale ambapo mtazamaji mwenye haraka hafiki, kuna mtu anavuka barabara na kiti kichwani.

Vidole vinaanza kazi: mvua, wanawake, kibanda, kuku, kusubiri, mtu aliyebeba kiti. Anafika kwenye nafasi ya rangi. Anasogea mbele, anatazama, anarudi nyuma.

"Bluu," anasema kwa sauti. "Bluu ya kweli kweli."

Mpiga picha wa ofisi hiyo, mwanamume mpole ambaye huipiga picha michoro yote kabla haijafika kwa Mama Lebo, anacheka bila kugeuza shingo. "Kila siku bluu, bluu. Dada, sisi tumeshaijua."

Mama Lebo naye anacheka. Miezi michache iliyopita, katika chumba hikihiki, neno hilo lilimtoa machozi.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na ushee, mke wa seremala na mama wa watoto wawili waliokwisha kujitegemea, anafanya kazi katika jumba la sanaa ambalo michoro yake mingi imefungiwa stoo kwa kukosa kuta za kuitundika. Ili watu waione, jumba linaiweka mtandaoni. Yeye ndiye anayeipa lebo, yaani yale maneno mafupi yanayomwezesha mtu aliyeko mbali kuandika anachokitaka kwenye simu yake na kukipata.

"Watu wanadhani picha ikishaingia mtandaoni, kazi imekwisha," anasema. "Bila lebo umeitupa shimoni. Mwalimu anatafuta ng'ombe awaonyeshe watoto. Ng'ombe yupo, kanona kabisa, lakini hakuna aliyeandika ng'ombe. Sasa atampataje?"

Alianza kazi hapo kama mkata tiketi mlangoni. Siku ambazo wageni walikuwa wachache, alizunguka vyumbani kutazama michoro, na mgeni akiuliza yule mzee anayepiga miayo yuko ukuta gani, ni yeye aliyempeleka. Jumba lilipoanza shughuli za mtandaoni, wakubwa hawakusumbuka kutafuta mtu. Walimpandisha ghorofani, wakampa kompyuta. Wenzake wakampa jina, nalo limemganda kiasi kwamba mlinzi wa getini hajui jingine.

Taabu ilimjia taratibu, bila kupiga hodi.

Kwanza aliona picha zinazoletwa kwake hazina uhai. Akamlaumu mpiga picha. "Nikamwambia, kaka, taa zako zimechoka. Maskini, akabadilisha taa zote." Hali haikubadilika. Akailaumu kompyuta, ikaletwa nyingine. Mwishowe akailaumu michoro yenyewe. Michoro ya zamani hufifia, alijisemea, na akaendelea kuandika alichokiona: kahawia, manjano, kijivu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yaleyale. Jioni taa za magari zilimchoma macho hata akawa anasimama kando ya barabara kusubiri zipite. Siku moja mumewe alimwomba amletee shati la bluu, akaletewa la kijivu.

"Nililivaa tu," anasema seremala huyo, akikuna kidevu. "Nilidhani kanichagulia. Ukichaguliwa shati na mkeo unabishana naye?"

Moyoni Mama Lebo alijua kuna jambo. Lakini hospitali hakwenda, na sababu ilikuwa mama yake mzazi, aliyepofuka kwa presha ya macho.

"Mama alianza hivihivi, kwa kulalamikia taa," anasema, na sauti inashuka. "Mwisho akawa ananipapasa uso ajue ni mimi au ni mdogo wangu. Mimi nikajiambia, kama ni ile, basi nisiambiwe leo. Niambiwe kesho. Na kesho ikifika, nasema tena kesho."

Siri ilifichuliwa na mwalimu wa uchoraji ambaye hata hawakuwa wanajuana. Aliliandikia jumba kwamba wanafunzi wake walitafuta michoro ya bluu katika ile iliyoingizwa karibuni, wakaambulia patupu. Alipopekua mwenyewe, alikuta mchoro wa ziwa, maji yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, umeandikwa "kahawia".

Mkuu wa kitengo, kijana ambaye umri wake unalingana na wa mwanawe wa kwanza, alifungua mchoro mmoja baada ya mwingine. Makosa yalikuwa ya namna moja. Akamfuata Mama Lebo mezani kwake, na mpiga picha akiwepo.

"Mama, hebu niambie, hili ziwa lina rangi gani?"

"Nikatazama," anasimulia. "Nikaona maji ya matope. Nikasema kahawia."

Mkuu alimtazama mpiga picha, na mpiga picha akatazama viatu vyake. Kisha akasema polepole, "Dada, hilo ziwa ni bluu."

Mama Lebo anakumbuka kwamba aliangalia tena, kwa bidii, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Ziwa lilibaki matope. Machozi yakaanza kumtoka. Alichukua mkoba wake, akauliza funguo za ofisi amwachie nani.

"Funguo za nini?" mkuu alishangaa. "Mama, kwani nani kakufukuza? Lebo zitarekebishwa. Mimi nazungumzia macho yako. Kesho huji kazini, kesho unakwenda hospitali."

Alikwenda na mumewe. Seremala huyo, ambaye hawezi kukaa bila kushika kitu, alilikunja na kulikunjua kofia lake hadi likapoteza umbo. Daktari wa macho, mwanamke mwenye maneno machache, alimtia Mama Lebo matone, akampima presha ya macho, akammulika jicho moja, kisha la pili, kisha akarudia la kwanza.

"Aliporudia lile la kwanza, nikasema basi, kaiona ile ya mama."

Daktari alizima kurunzi yake. "Presha ya macho yako iko sawa," alisema. "Ulicho nacho ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anatolewa, na utaona."

Mama Lebo alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba amweleze na mumewe, maana yeye haamini masikio yake. Daktari, kwa subira, akamgeukia seremala na kusema yote upya: lenzi iliyo ndani ya jicho ilikuwa imeingia ukungu na kugeuka manjano kidogo kidogo, ndiyo maana mgonjwa hakujua ni lini rangi zilimponyoka. Ingetolewa, iwekwe mpya.

Mama Lebo alilia palepale kitini, mbele ya daktari. Mumewe akavaa kofia lake lililopondeka. "Kumbe tuna watoto wanne," alisema, "na hawa wawili hukuniambia."

Bima ya kazini ilibeba sehemu kubwa ya gharama. Jicho la kulia lilitangulia. Anasema hakusikia maumivu, ila alisikia mazungumzo. "Walikuwa wanabishana kuhusu penalti ya jana yake. Nikatulia kabisa. Watu wanaobishana penalti hawana wasiwasi na wewe."

Asubuhi iliyofuata bandeji ilipobanduliwa, kitu cha kwanza alichokiona ni pazia la bluu dirishani, na alilitazama mpaka muuguzi akamuuliza kama yuko salama. Lakini furaha ilipata dosari mara tu alipoingia jikoni kwake.

"Ukuta juu ya jiko mweusi! Masufuria yana masizi! Nikamuuliza baba watoto, nyumba yangu imekuwa chafu hivi na wewe upo, unanitazama tu?"

Mumewe anainua mikono. "Nilipewa mke mwenye macho mapya, nikapewa na ndoo ya kusafishia."

Kabla jicho la pili halijafanyiwa kazi, daktari alimruhusu kurudi ofisini kwa muda mfupi mfupi. Mpiga picha anakumbuka alivyomkuta ameketi mbele ya lile ziwa, kiganja kikihama kutoka jicho moja kwenda la pili. Kwa jicho jipya, bluu. Kwa la zamani, ilikuwa kama kutazama kupitia glasi ya chai.

"Nilimfanyia mzaha, nikamwambia hiyo ni sinema ya bure," anasema mpiga picha. "Kisha nikavuta kiti, nikaketi kuitazama naye."

Marekebisho waliyafanya wawili hao kwa pamoja, mchoro baada ya mchoro, yeye akisoma rangi na mwenzake akithibitisha, hadi macho yote mawili yalipopona na uthibitisho ukawa hauhitajiki. Mwalimu wa uchoraji aliandikiwa barua ya kuombwa radhi. Alijibu kwa kifupi kwamba wanafunzi wamelipata ziwa lao, na akauliza kama kuna mchoro wowote wa mbuzi. Wapo wengi tu, na lebo zao ziko sawa.

Mkuu wa kitengo sasa amekubali kila anayefanya kazi mbele ya kioo apimwe macho mara kwa mara, yeye mwenyewe akiwemo. Lakini mpango unaomkosesha Mama Lebo utulivu hauko ofisini. Ni wa kumpeleka kwa daktari wa macho mdogo wake, mshonaji, ambaye siku hizi anaomba jirani amtungie uzi kwenye sindano na kila akitajiwa hospitali hubadilisha mazungumzo.

Mazungumzo yetu yanakatizwa na simu yake. Anaiweka kwenye spika.

"Dada," sauti ya mdogo wake inasema, "nimefikiria tena. Na kama wataniambia ni ile ya mama?"

"Wakisema hivyo, watatuambia wote wawili. Nitakuwa nimekaa hapohapo pembeni yako."

Upande wa pili cherehani inazunguka kidogo, kisha inasimama.

"Haya. Lakini usinipitie asubuhi sana."

"Nitakupitia asubuhi sana," anajibu, na tabasamu limeshamjaa usoni. "Na usipofungua, nagonga mpaka majirani wote watoke nje."