Vigae 10,007 vya Bi Gomti

Saa moja asubuhi, Easter Nyokabi amepiga magoti katika ua wa nyumba moja mjini Kilifi. Anapaka gundi, anabandika kigae cha inchi mbili, anakigonga kwa mpini wa mwiko. Kisha anakisogeza kidogo mno, na macho yake hayana mchezo.

Vigae hivi vina historia. Marehemu Gomti, mke wa mfanyabiashara Anantrai, alivikusanya kimoja kimoja kwa miaka thelathini katika duka lao la vifaa vya ujenzi. Alipofariki, mumewe alivihesabu akapata 10,007. Akataka vyote vitandikwe uani katika umbo moja la pembe nne, kisikatwe hata kimoja, kisibaki hata kimoja.

Mafundi wawili walijaribu, wakashindwa, wakaondoka. Ndipo akaitwa Nyokabi, 43, mkazi wa Kibarani, aliyeacha shule kidato cha pili huko Nyandarua na kuanza kubeba zege kwa shilingi 400 kwa siku. Leo hulipwa 1,800.

Kabla ya kufungua gundi, yeye hupanga vigae vikavu chini. Alipanga safu za 41, vikabaki vitatu. Za 71, safu ya mwisho ikapungukiwa na vinne.

"Nikashika kalamu," asimulia. "Nikagawanya kwa mbili, tatu, tano, saba, kwa kila namba tasa mpaka tisini na saba. Kupita hapo ni kujichosha, kwa sababu mia na moja mara mia na moja tayari inaipita namba yetu. Ikakataa kote. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Angeweza kutia saba mfukoni na kutandika mia kwa mia. Nani angejua? Hakufanya hivyo, na hapo ndipo nilipompenda mama huyu.

"Mzee, umbo lipo moja tu," alimwambia Anantrai. "Safu ya kigae kimoja kimoja, itoke hapa iende nusu kilomita huko barabarani."

Mzee hakucheka. "Na wewe umeshindwa kama wenzako, fundi. Nenda zako."

Nyokabi alikaa siku tatu bila kazi. Ya nne, simu ikalia.

"Nimeigawanya mwenyewe, mama, mpaka vidole vikauma," Anantrai alisema. "Namba hii ina ukaidi kama wa marehemu. Basi nishauri."

"Alipenda kukaa wapi?"

"Kwenye kidaraja cha kupandia mlango wa jikoni, akichambua mchele."

Adhuhuri ya leo, baada ya siku kadhaa za kazi, mraba wa mia kwa mia umekamilika. Nyokabi anahamia kwenye kidaraja na kubandika vigae saba vilivyobaki, huku mzee akihesabu kwa sauti. Akifika saba, anaketi kando yake na kulia bila kuficha uso.

Mwakani Nyokabi atafanya mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea.

"Kiingereza ndicho kinachoninyima usingizi," asema akifuta mwiko. "Hesabu waje nayo."