Kikopo Chenye Midomo Miwili

Fundi Kifuniko hakupewa jina hilo kwa kejeli. Katika uchochoro mzima wa mafundi bati, ni yeye peke yake ambaye ukinunua kopo lake, kifuniko kinaingia kwa kidole kimoja, na ukiligeuza kichwa chini miguu juu halimwagi hata tone. Wenzake walimtania kwamba akitaka anaweza kumfunikia mtu maneno yake mdomoni. Mwenyewe hakuwa mtu wa kujibu utani. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa bati. Kipande kikizidi nywele moja tu, anakitupa chini na kuanza upya. Ungesema ana wasiwasi wa bure. Lakini mwaka ule haukuwa wa bure hata kidogo, maana mama yake mzazi alikuwa anataka kujiunguza.

Hakukusudia, maskini. Bibi yule alikuwa amesokota biri kiwandani kwa miaka thelathini na moja, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, mpaka ngozi ya vidole vyake ikawa ngumu kama soli ya kiatu. Siku za kawaida alivuta sigara za dukani. Jumapili alivuta biri moja, akisema mtu aliyezisokota kwa maelfu ana haki ya kuvuta moja kwa wiki, na asiyependa aende akavute hewa. Sasa alikuwa na miaka themanini, macho yameingia ukungu, na vidole vile havikuhisi moto tena. Sigara ilimwishia mkononi bila yeye kujua, ikaanguka popote ilipotaka. Safari ya kwanza iliunguza shuka. Safari ya pili ilishika godoro la sponji, na lau si mshonaji wa chumba cha jirani kuja mbio na ndoo ya maji ya kufulia, leo tungekuwa tunasimulia mengine.

Hapo ndipo dada yake fundi alipoingia. Dada huyu alikuwa mkubwa wake kwa miaka saba, na maisha yake yote alikuwa msimamizi wa bweni la shule. Alistaafu kazi, ila kazi haikumstaafu yeye. Alilitazama lile tundu jeusi kwenye godoro, akatangaza kwamba moto wa tatu hautasubiriwa. Ikitokea tena, hata moshi tu, mama atahamia kwake, kwenye chumba cha uani, safi, chenye kitanda cha chuma na mlango unaofungwa kwa nje, na sigara ataziona kwenye ndoto. Fundi alijaribu kuleta maneno. Dada akamkata palepale.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu. Wewe uko upande wa pili wa mji. Siku ya siku utaitwa uje uchukue majivu."

Neno lile lilimwingia. Na mama, dada alipokwisha kuondoka, alimshika mwanawe mkono akamwambia taratibu kwamba kufa haogopi, anaogopa kufungiwa. Chumba kile kilikuwa chake tangu baba yao alipofariki. Alijua kila ufa ukutani kwa kupapasa. Alimwomba asiruhusu apelekwe. Fundi akasema hatapelekwa, akasema kwa mdomo wake mwenyewe, tena mara mbili.

Kumwachisha sigara? Walijaribu wote, ikawa ni kumpigia mbuzi gitaa. Basi fundi akafanya anachokijua. Kama mama hawezi kuacha moto, moto utatengenezewa mahali pa kufia.

Haikuwa kazi ndogo, msione vile. Kisahani cha majivu cha kawaida hakifai, kwa sababu bibi hakukaa mahali pamoja. Alivuta kitandani, akavuta kwenye kiti, akavuta kizingitini akisikiliza watu wakipita. Alihitaji kitu cha kuning'iniza shingoni kiende naye. Kikopo cha kwanza kilitiwa maji kidogo chini. Akakilalia, kitanda kikalowa maji ya majivu. Cha pili kilikuwa na mchanga, na mchanga ukamfuata mpaka kwenye chai. Cha tatu kilikuwa kizuri machoni, mviringo, viungo vyake vyote vimelehemiwa na kung'arishwa. Fundi akamvisha mama shingoni Jumapili, akaingiza biri yenyewe kwa mikono yake. Haukupita muda lehemu ikayeyuka kwa joto, kitako kikafunguka, na kaa zima likamwangukia bibi kwenye mapaja. Fundi akalipangusa kwa kiganja. Kovu lake analo mpaka kesho. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo hakulehemu tena. Alikunja. Kila ukingo wa bati aliukunja juu ya mwenzake, akaugonga kwa nyundo ya mbao mpaka sindano haipiti. Aliweka kuta mbili, na katikati yake udongo mkavu, ili nje pasipate moto. Juu akatoboa midomo miwili: mwembamba wa sigara, mpana wa biri. Kila mdomo ulikuwa na mlango mdogo unaosukumwa na springi ya saa mbovu. Ukiingiza kipisi unafunguka, ukikiachia unajifunga wenyewe kwa mlio mdogo, tik. Ndani hakuna hewa. Moto hula hewa, ukiunyima unakufa. Alihesabu kwa saa: sigara ilizimika kabla hajafika ishirini, biri kabla hajafika sitini. Yeye ambaye hakuwahi kuvuta maishani alikaa kwenye kibanda chake akijaribisha sigara moja baada ya nyingine, machozi yakimtoka, na uchochoro mzima ukaja kumwangalia. Walimuuliza kama ameachwa na mkewe.

Miezi minne ilikwenda hivyo, na karibu kila alasiri alikuwa kwa mama. Alikuja kupima upana wa vidole vyake. Alikuja kuona mkono unatetemeka upande gani. Alikuja kubadilisha kamba, kisha kubadilisha fundo la kamba. Akiwa pale mama alimhadithia kiwanda, jinsi walivyokuwa wakikaa safu kwa safu na kuimba ili wasisinzie, na msimamizi aliyekuwa akinusa vidole vyao wanapotoka. Fundi aliitikia "ehee", "ehee", kalamu ya risasi mdomoni, macho kwenye bati. Alikuwa anasikia nusu. Nusu nyingine alikuwa anawaza springi.

Jambo la mwisho lilikuwa kitako. Mikono ile ikiweza kukifungua, siku moja ingemwaga kipisi chenye kaa, na kazi yote ingekuwa bure. Kwa hiyo alikifunga kitako kwa skrubu yenye kichwa cha pembe tatu ambayo haikubali bisibisi yoyote ya dukani, akaitengenezea ufunguo wake mmoja, akautia mfukoni mwake. Kikopo kilichukua vipisi kumi na viwili, hata vikiwa virefu. Kikijaa, mshonaji anampigia simu, yeye anakuja, anafungua, anamwaga, anafunga. Dada alipokuja kukagua, alikigeuzageuza, akakitikisa, akakitia sigara inayowaka na kukishika kwa kiganja. Kilikuwa cha baridi. Akasema, "Haya," na kwa mtu kama yeye hiyo ni sifa kubwa.

Basi amani ikarudi. Fundi naye akarudi kwenye kazi zake zilizolala miezi minne. Hakuwa na sababu ya kwenda kila siku tena. Kikopo kilikuwa kinamlinda mama.

Mwanzoni simu ilipigwa kila baada ya siku nne. Akaenda, akamwaga jalalani bila kutazama, akanywa chai ya haraka akiwa amesimama, akaondoka. Baadaye ikawa kila baada ya siku mbili. Mwezi wa tatu ikawa kila siku, na siku nyingine mshonaji alikuwa anaona haya kupiga. Mwendo ulikuwa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Dada akapata habari, akaanza upya: kikopo kimempa mama kiburi, sasa anavuta mara nne ya zamani, ng'ombe hazeeki maini. Fundi alijikuna kichwa. Hakumgombeza mama, wala hakumuuliza. Angemuuliza! Lakini yeye alikuwa fundi, na fundi akiletewa malalamiko huangalia chombo. Akaangalia chombo, akaona kosa liko wazi kabisa: tumbo ni dogo.

Akatengeneza kingine. Kilikuwa kirefu zaidi, chepesi zaidi, kunjo zake nyembamba kuliko zote alizowahi kugonga. Midomo ni miwili ileile, springi mpya, tumbo la vipisi thelathini na sita. Akampelekea mama, akamvisha, akarudi nyuma hatua moja kukitazama kinavyokaa. Alikuwa na furaha, na sitamnyima hilo, kazi ilikuwa safi.

"Sasa, Mama, ukirudia zako tatu kwa siku, unakaa karibu wiki mbili bila kunisubiri."

Bibi alikipapasa kikopo, akakipima uzito mkononi.

"Wiki mbili?" akauliza.

"Hata zaidi, ukipunguza kidogo."

Mama akasema ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie. Fundi akakifunga kitako, akautia ufunguo mfukoni, akawahi kuondoka kabla mvua haijashuka.

Siku ya tatu simu ililia kibandani akiwa na mkasi mkononi. Alikuwa mshonaji, sauti inamkimbia. Ameona moshi chini ya mlango, amegonga hakujibiwa, amesukuma na kuingia. Chumba kilikuwa cheupe kwa moshi, madirisha yamefungwa, na bibi yuko kwenye kiti, anakohoa hadi hawezi kukaa wima, midomo imebadilika rangi. Amemtoa nje. Amempigia dada mtu. Dada amekuja na gari la kukodi, amempeleka zahanati, na kutoka zahanati amempeleka moja kwa moja kwake. Godoro limebebwa. Nguo zimebebwa. Yote yalikuwa yamekwisha asubuhi hiyohiyo.

Sasa sikilizeni alichofanya fundi, na msimhukumu haraka, ingawa mwenyewe amejihukumu tayari. Hakwenda kwa mama. Alikwenda chumbani. Aliposikia moshi, alichowaza ni kwamba kunjo imefunguka mahali, na alitaka kuona ni wapi, akiwa njiani kote anajitetea moyoni kwa dada yake. Alikikuta kikopo juu ya dirisha. Hakikuwa na kosa. Kunjo zilikuwa nzima, milango inajifunga, tik, tik. Chumbani hapakuwa na kitu kilichoungua, hata uzi. Akatoa ufunguo, akafungua kitako, akamwaga juu ya sakafu.

Vipisi ishirini na tisa. Ila havikuwa vipisi. Zilikuwa sigara nzima, zimeungua ncha tu, kiasi cha ukucha, zingine hazijapata hata pumzi ya pili. Fundi alichuchumaa akaziokota mojamoja. Wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba zimezimika vizuri sana.

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, futi shingoni. Alimtazama, kisha akatazama pembeni.

"Fundi, mimi nilidhani unajua," akasema. "Bibi siku hizi havuti. Kifua kilishamkataa zamani. Anawasha, anavuta pumzi moja ili ishike, anaitumbukiza. Nilimuuliza mbona anaharibu sigara namna hii. Akaniambia, kikijaa, mwanangu anakuja."

Mshonaji akaendelea kwa sababu alishaanza. Kile kidogo alikuwa anakiweza, kumi na mbili kwa siku, polepole. Kikubwa kilimshinda. Siku mbili za kwanza kifua kilimruhusu chache tu, hakikujaa, akalia. Leo alifunga madirisha ili upepo usimzimie kiberiti, akaamua akimalize kwa mkupuo mmoja.

Fundi alikaa kwenye sakafu ile muda mrefu. Aliwaza alasiri zote za miezi minne, hadithi za kiwanda alizozisikia nusu, na hakukumbuka hata jina moja la wale waliokuwa wakiimba. Alikuwa ametengeneza chombo cha kumwepusha mama na chumba cha uani, na chombo kile kikampeleka. Akalia kama mtoto, na mshonaji akarudi kwake kimya kimya akaiacha cherehani bila kuikanyaga.

Jua lilikuwa bado lipo alipofika kwa dada. Dada hakumsema. Uso wake ulikuwa umechoka, na alionekana mzee ghafla. Alimwambia tu mama amekunywa dawa, akachukua ufunguo kwenye msumari, akamfungulia mlango wa uani.

Chumba kilikuwa safi kama alivyoahidi. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda cha chuma, mikono mitupu mapajani, akipapasa ukuta mpya kwa kiganja. Fundi alivuta kigoda akakaa karibu naye, magoti yao yakagusana. Hakuwa na bati, wala kalamu, wala kipimo. Alitaka kumwambia, nihadithie kiwanda, Mama, lakini mama alimtangulia. Bibi akanyoosha mkono, akamgusa shavu, akamjua.

"Ni wewe?" akasema. "Umefuata nini huku, mwanangu? Sina hata kiberiti."