Pua Kabla ya Mita

Kazi yangu pale Voi ilikuwa kupima mvuke wa mafuta ghafi kwenye malori ya tangi yaliyokuwa yakiteremka Mombasa. Nilikuwa nikipanda juu, nafungua kifuniko, nashusha mpira wa mita na kusubiri namba zitulie. Lakini sisi wapimaji tulikuwa na ujinga wetu: kabla ya mita, pua. Tuliinama tukavuta hewa, tukabishana mvuke ni mkali kiasi gani, ndipo mita ikaamua nani mshindi. Nani angekubali kuonekana anaogopa harufu? Kichwa kikiuma, tulilaumu jua la Voi.

Mwaka wa tatu niliacha kubishana, kwa sababu sikuwa tena nikisikia harufu yoyote. Sikumwambia mtu. Mita ilisoma, nami nikaandika.

Kisha mama akafariki. Baada ya mazishi kule Rukanga, dada yangu alinipa leso aliyokuwa akijifunga mama siku zake za mwisho. Alikuwa ameiweka bila kuifua.

“Nusa,” akaniambia huku analia. “Bado ina harufu yake.”

Nikajifunika leso usoni, nikavuta kwa nguvu zote, kama nilivyokuwa nikivuta juu ya matangi.

“Ndiyo,” nikamjibu. “Ni yeye kabisa.”