Tumbaku ya Bibi Udaghwenga

Bibi yangu Udaghwenga wa Endasak hupika pombe ya mahindi, majirani waje kumpalilia maharage. Mwaka ule mkoa wetu ulipoanza kuitwa Manyara, siku ya palizi walifika pia mgambo, wanatafuta bangi.

Bangi ilikuwepo. Mjomba Lameck alikuwa ameifunga kwenye gazeti, akaichomeka kwenye nyasi za paa. Nilimwona. Kwa bangi mtu anafungwa miaka, kwa hiyo Mjomba aliacha jembe, akawa anatazama paa.

Kiongozi wa mgambo, Clement, alimaliza kwanza kibuyu kizima cha pombe. Ndipo akachomoa lile gazeti.

"Shikamoo Bibi. Hii nini?"

"Marahaba. Tumbaku yangu ya kunusa. Jaribu."

Akanusa, akapiga chafya mara tatu. Wapaliliaji wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Kweli ni tumbaku," akasema akifuta machozi, akaomba kibuyu kingine.

Walipoondoka wakiyumba, Mjomba akashusha pumzi.

"Mama, yangu iko wapi?"

"Niliichoma juzi jikoni, nikafunga tumbaku mahali pake. Ulitaka nikuletee ugali gerezani?"

"Lakini wale wamelewa, hata rungu wamesahau hapa! Mbona pombe haikamatwi?"

Bibi akatazama kibuyu kitupu. "Hapo umesema kweli. Pombe ilimmaliza baba yako, na bado naipika. Serikali inapimaje kipi kikamatwe, mimi sijui. Najua leo unalala kwako."

Mjomba akaokota jembe. Alipalilia mpaka jua likazama, anapiga mluzi.