Neno Nililoona Haya Kulisema Mbele ya Mkwe

Mama mkwe wangu alishika mimba yake ya mwisho mwaka uleule nilioolewa kijijini Njinjo, wakati wa Waingereza. Kiswahili alikisikia kwa shida. Nyumbani tulisema Kimatumbi. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa manne, basi nikaambiwa nimpeleke zahanati nikamtafsirie.

Miguu yake ilikuwa imevimba, uso umejaa, na kichwa kikimgonga kwa siku ya tatu. Majirani walisema kabeba mtoto wa kiume.

Nesi alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama kipimo mara mbili.

"Mwambie damu yake inasukuma kwa nguvu mno," akaniambia. "Ni hatari kwake na kwa mtoto. Nataka mkojo wake kwenye chupa hii, na leo alale hapa."

Niliinamisha uso. Kutaja mkojo mbele ya mama wa mume wangu, kwetu, ni kumvunjia heshima. Nikamwambia kwa Kimatumbi, "Anasema umechoka, mama. Ukapumzike."

Kisha nikamgeukia nesi. "Amekataa. Anasema tutarudi Ijumaa."

Nesi alimtazama mkwe wangu, naye akatabasamu kwa adabu.

"Basi akiona ukungu machoni, au kichwa kikizidi, mleteni siku hiyohiyo."

Siku ya pili yake tulikuwa uani tukipepeta mtama. Akasema haoni vizuri. Nilijua maana yake, lakini kusema kungefichua uongo wangu, nikaendelea kupepeta. Adhuhuri akaanguka, akatetemeka mwili mzima, akajiuma ulimi. Watu wakasema ni shetani. Ndipo nikasema nesi alituagiza tumrudishe, wakambeba kwa machela.

Alipona. Mtoto, msichana, alizaliwa amekufa.

Alipopata nguvu aliniuliza, "Yule nesi alisema nini hasa?"

Nilimweleza yote, na mkojo nikautaja.

"Ungesema tu, mwanangu."

Hakumwambia mtu mwingine, hata mume wangu. Wanawake walipokuja kutupa pole, nilikaa naye mkekani. Mmoja wao akanishika mkono. "Pole, mama. Umehangaika na mkweo mpaka zahanati. Wakwe kama wewe wachache."

Mkwe wangu alikuwa akisikia. Nami nikaitikia, "Tumeshapoa."