Kompyuta Chini ya Kitambaa

Mwaka wa pili wa korona siku zilisahau kugawanyika. Jumatatu iliingia ndani ya Jumatano bila kubisha hodi, na treni za Fairfield, mtaa wetu wa Sydney, zilipita tupu nyuma ya nyumba yetu, taa zimewaka, kana kwamba zinakwenda kuchukua watu ambao hawapo tena. Mimi na binti yangu tulikaa ndani tukisikiliza helikopta ya polisi ikizunguka juu kulinda marufuku ya kutoka. Ninachokumbuka zaidi ni jua la majira ya baridi, jinsi lilivyotambaa juu ya zulia kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni. Muda huo wa jua ndio nilioutumia kusoma.

Nilikuwa mwanafunzi, mama mzima wa miaka arobaini na kitu, katika chuo cha jamii cha mtaani kwetu, nikisomea kazi ya kutunza wazee. Mtu asinicheke. Shule ya kwanza niliiacha Uvira, Kongo, asubuhi tuliyokimbia vita, daftari langu likabaki mezani. Ya pili niliianza kambini Tanzania, nikaolewa katikati. Ya tatu ilikuwa ya Kiingereza, hapahapa Sydney, nikaiacha kwa ajili ya zamu za ghalani. Kwa hiyo hiki chuo nilikitaka kwa hasira. Nilitaka kumaliza shule moja tu kabla sijafa.

Chuo kilipofungwa milango, masomo yakahamia kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Walimu wakawa wadogo kama punje za maharage. Nilifanya mitihani miwili nikaanguka yote miwili, maana nusu ya kila swali ilikuwa imepotelea nje ya kioo. Barua ikaja: nikianguka na wa tatu, nafasi yangu itakwisha. Nilienda kulia bafuni, bomba nimelifungua, ili binti asinisikie.

Siku chache baadaye mama mmoja wa chuo, yule wa ofisi ya kuwasaidia wanafunzi, alituletea kompyuta. Aliiweka mlangoni ndani ya mfuko wake mweusi, akarudi nyuma hadi getini, barakoa usoni, akapaza sauti kwamba ni ya kuazima mpaka nimalize kozi. Chuo kilikuwa nazo kadhaa kwa watu kama sisi.

Ya kuazima! Kwetu kitu cha watu ni amana, unakirudisha kama ulivyokipokea. Niliifuta vizuri, nikaiweka juu ya kabati, nikaifunika kwa kitambaa cha kudarizi cha marehemu mama yangu, kile alichokuwa akifunikia redio. Ilipendeza, nasema kweli.

"Mama, just open it," binti yangu akasema.

"Hii si ya kwetu. Uiguse tu, utanitambua."

Nikaendelea na simu yangu mbovu. Wiki mbili nzima kompyuta ilikaa pale juu kama mgeni aliyelala, nasi tukipita tunapunguza sauti. Mara nyingine, jua likifika kwenye kile kitambaa, nilijiona nimeshamaliza kusoma, nimeshika cheti, na mama yuko jikoni ananiita nije nile. Kisha mwalimu alikuwa akitaja jina langu simuni, nami sijui tumefika wapi.

Ndipo yule mama wa chuo akapiga simu. Kwenye mtambo wa chuo alikuwa anaona kwamba ile kompyuta haijawahi kuwashwa. Je, imeharibika?

"Hapana, madam," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kifua mbele. "Hakuna aliyeigusa. Iko safi kabisa, vilevile ulivyoileta."

Kisha akacheka, nami damu ikanichemka, kwa sababu nilijua nimefanya jambo la heshima na sasa nachekwa. Lakini akaomba radhi haraka, akasema polepole, "Mimi nataka irudi imechoka. Ikirudi mpya, basi mimi ndiye sikufanya kazi yangu."

Hakukata simu. Alinisubiri nikitoe kitambaa, nitafute kibonye cha kuwasha, niingie darasani. Tangu siku hiyo alinipigia kila Alhamisi, tukasoma maswali pamoja neno kwa neno. Jibu hakunipa hata moja, ingawa nilimbembeleza sana. Nilisomea jikoni nikikanda maandazi, na unga ukaingia kwenye vibonye.

Mtihani wa tatu ulikuwa wa vitendo, mbele ya kamera. Binti yangu alilala kitandani, kitenge kichwani, akajifanya bibi wa miaka tisini. Nilitakiwa kumwosha uso na mikono, na kabla ya kila hatua nimwombe ruhusa. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nani kwetu anamwomba mtoto wake ruhusa ya kumwosha?

"Naomba niuoshe mkono wako wa kulia," nikasema kwa Kiingereza, kama tulivyofundishwa.

"Ndiyo, asante," akajibu, midomo ikimcheza kwa kicheko.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Jua lilikuwa limefika kitandani. Nilipoomba ruhusa ya mkono wa kushoto sikujibiwa, maana mtoto alikuwa amelala kwelikweli. Niliomba tena, taratibu, nikangoja. Mkono ule ukawa wa mama yangu, ambaye kule kambini nilimwosha harakaharaka siku zake za mwisho, nikiwahi foleni ya maji, bila kumwuliza lolote. Niliona aibu, na nilimkumbuka mno. Binti aliniambia baadaye kwamba aliposhtuka, mwalimu alikuwa ananiita kutoka kwenye kompyuta, ananiambia imetosha, nimefaulu. Mimi sikumsikia.

Milango ilipofunguliwa nilikwenda chuoni kuirudisha. Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, hata viazi viwili utatia. Nikamtilia yule mama wa chuo maandazi kwenye kijimfuko cha nje cha ule mfuko mweusi. Kompyuta yenyewe niliifunga ndani ya kitambaa cha mama, na ndani yake nikaweka karatasi, Kiswahili juu, Kiingereza chini, kwa mtu atakayeichukua baada yangu:

"Kitambaa ni chako, kifunikie redio. Hii usiifunike. Huo unga kwenye vibonye ni wangu. Nimemaliza."